Kupata malazi nafuu Zanzibar wakati wa Sauti za Busara: mwongozo kamili kwa anayetoka nje ya Tanzania

Tamasha la muziki la Sauti za Busara limekuwa likikusanya watu Zanzibar tangu 2004, na kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, mbele ya bustani ya Forodhani. Kwa anayetoka Nairobi, Kampala, Kigali au Goma, kinachomaliza mfuko mara nyingi si kiingilio, ni mahali pa kulala. Februari ni kiangazi cha kaskazi, na watalii kutoka Ulaya huwa wameshajaza hoteli hata kabla ya wapenzi wa muziki kufika. Juu ya hapo Mji Mkongwe, yaani mji wa zamani wa Zanzibar, ni mdogo, na kila anayekuja kwenye tamasha anataka kulala mahali atakapoweza kurudi kwa miguu. Vyumba vya karibu na Ngome hupanda bei mapema, kisha joto hilo husambaa mtaa kwa mtaa.

Hata hivyo kitanda cha bei ya kawaida kipo kwa anayejua wapi pa kukitafuta. Na msomaji wa Kiswahili ana nafasi ambayo mtalii wa kawaida hana: anaweza kumpigia simu mwenye gesti, wakaelewana.

Kwanza tarehe na ukumbi, chumba baadaye

Usiweke nafasi kwa mazoea ya "katikati ya Februari". Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Tamasha la muziki kwenye kisiwa chenye Waislamu wengi kiasi hiki halipangwi bila kuangalia kalenda hiyo. Kuna na mwaka ambao tamasha halikufanyika kabisa: 2016, kwa kukosa fedha. Subiri tarehe itangazwe na waandaaji wenyewe kwenye kurasa zao rasmi, ndipo ulipe kitu kisichorudishwa.

Ukumbi nao uthibitishe. Ushauri wa mitaa utakaousoma hapa chini unahusu tamasha likiwa Ngome Kongwe. Jukwaa kuu likiwekwa nje ya mji, tuseme upande wa Fumba kusini, hesabu inageuka: chumba cha Shangani ulichokilipia ghali kitakuwa ndicho cha mbali, na nyumba ya barabara ya uwanja wa ndege ndiyo ya karibu.

Piga hesabu ya usiku mzima

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaona chumba Bububu kwa karibu nusu ya bei ya Mji Mkongwe, wanakichukua, kisha wanamaliza akiba yote kwenye teksi. Onyesho la mwisho mara nyingi huisha baada ya saa sita usiku, na saa hiyo daladala, yaani mabasi madogo ya abiria, zimeshalala. Gharama ya kitanda ni bei ya chumba, ukiongeza kodi, kifungua kinywa kama hakimo, nauli ya kwenda jioni, na usafiri wa kurudi usiku.

Tuchukue mfano wa watu wawili. Namba hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Weka bei utakazopewa wewe. Chumba cha Kiponda, ndani ya mji, TSh 130,000 na kifungua kinywa. Chumba cha Bububu, kama kilomita 10 kaskazini, TSh 70,000 bila chakula. Kwa kile cha Bububu ongeza TSh 2,000 za daladala ya kwenda, TSh 30,000 za teksi ya usiku na TSh 12,000 za chai ya asubuhi kwa wawili. Jumla 114,000. Umeokoa 16,000 kwa usiku, na ukitaka kurudi kuoga mchana, akiba hiyo inapungua tena.

Sasa chukua watu wanne katika vyumba viwili. Mjini watalipa 260,000. Bububu watalipa 140,000 za vyumba, 4,000 za daladala, 24,000 za chai, na teksi ile ile moja ya 30,000: jumla 198,000. Wameokoa 62,000 kila usiku. Kwa hiyo kulala mbali kunalipa kwa kundi linalojaza gari moja. Aliye peke yake, au wawili, wakae ndani ya umbali wa kutembea, hata kama ni kitanda cha bweni kwenye hosteli.

Fukwe za Paje, Jambiani na Nungwi zina hosteli nzuri za bei ya chini, lakini ziko mbali: zaidi ya saa moja ya barabara kutoka mjini. Usizitumie kama malazi ya tamasha. Ziweke kabla au baada.

Mitaa, kutoka karibu hadi mbali

Shangani na Forodhani ndipo penye hoteli za ghali na kelele za usiku. Mwenye mfuko mwepesi asitumie muda mwingi hapa, isipokuwa kwenye hosteli zenye vyumba vya mabweni.

Hurumzi, Kiponda na Mkunazini ni katikati ya mji wa vichochoro. Nyumba nyingi za zamani zimegeuzwa gesti ndogo za vyumba vichache. Hapa ndipo thamani ilipo: unatembea dakika chache hadi Ngome, na bei bado inazungumzika ukianza mapema. Ubaya wake ni kupotea. Gari haliingii, vichochoro vinafanana, na alama ya ramani ya simu huweza kukuacha nyuma ya ukuta wa jirani. Muulize mwenyeji alama za watu: msikiti gani upo karibu, duka gani, kichochoro kinatokea barabara gani kubwa. Mwenyeji mwema atamtuma kijana akupokee penye gari linapoishia.

Malindi, karibu na bandari, ni mtaa tunaoupendekeza zaidi kwa mwenye bajeti ndogo. Gesti zake ni za kawaida, bandari iko hapo hapo kwa anayetoka Dar es Salaam kwa boti, na kutembea hadi Ngome ni kama robo saa kwa barabara ya pwani, ambayo usiku wa tamasha ina watu. Upande wa soko la samaki una harufu. Omba chumba kisichotazama huko.

Ng'ambo, yaani Mlandege, Michenzani na Kikwajuni, ni nje kidogo ya mji wa zamani. Huko utapata gesti za wenyeji na fleti za kupanga kwa siku. Kikwajuni bado unarudi kwa miguu mkiwa kundi. Vyumba vingi vya upande huu haviko kabisa kwenye programu za kuweka nafasi, na ndiyo sababu bei zake hazipandi sana.

Kaskazini kuna Mtoni na Bububu, daladala namba 502. Kusini kuna Mbweni na njia ya uwanja wa ndege, daladala 505. Huku ni kwa kundi, au kwa mwenye dereva aliyekwisha kukubaliana naye bei ya kurudi.

Wakati wa kuweka nafasi

Miezi mitatu hadi minne kabla ni wakati mzuri. Siku tarehe inapotangazwa, chukua chumba chenye ruhusa ya kufuta bila malipo, hata kama si kile cha bei unayoitaka. Hicho ndicho ngao yako. Kisha endelea kutafuta kilicho nafuu kwa utulivu, na ukikipata unafuta cha kwanza. Andika tarehe ya mwisho ya kufuta kwenye kalenda ya simu siku mbili kabla ya yenyewe, kwa sababu mipaka hiyo huhesabiwa kwa saa ya kule hoteli iliko, na Goma au Kigali ni saa moja nyuma ya Zanzibar.

Kuna dirisha la pili ambalo watu wengi hawalijui. Siku 14 na siku 7 kabla ya kufika ndipo mipaka mingi ya kufuta bure inapokwisha, na wale walioshika vyumba viwili vitatu huviachia. Fungua programu usiku wa siku hizo na asubuhi inayofuata. Mara nyingi utaona chumba cha Mkunazini au Malindi kilichorudi sokoni. Dirisha hili ni la kuboresha ulichonacho. Asiye na chumba chochote asilitegemee.

Gesti nyingi hudai usiku tatu au nne kwa wakati mmoja siku za tamasha. Badala ya kubishana juu ya bei ya usiku mmoja, ongeza usiku. Mwenye gesti anayesikia unafika Jumatano na kuondoka Jumanne atapunguza kirahisi zaidi kuliko anayesikia Ijumaa hadi Jumapili, kwa sababu Jumatatu vyumba vyake huanza kubaki wazi.

Jinsi ya kutafuta

Anza na programu za kuweka nafasi, lakini zitumie kama orodha. Panga matokeo kwa ramani, si kwa bei, ukiweka Ngome Kongwe katikati. Andika majina ya nyumba kumi hadi kumi na tano zilizo ndani ya umbali unaoutaka, pamoja na zile zinazoonyesha "zimejaa". Gesti hutoa vyumba vichache tu mtandaoni. Kujaa kwenye programu si kujaa kwa nyumba.

Kisha tafuta majina hayo kwenye ramani ya simu upate namba zao. Tazama pia nyumba za jirani ambazo hazikuonekana kwenye programu. Namba ya mezani ya Zanzibar huanza na 024, na ukiwa nje ya Tanzania unapiga +255 24. Nyumba yenye namba ya mezani imekuwepo mahali pamoja kwa muda, nayo ni dalili njema.

Sasa piga, au tuma ujumbe. Mpango wa maneno ni muhimu. Zanzibar mtu huanza na salamu, na anayeingia moja kwa moja kwenye "bei gani?" hujibiwa bei ya mgeni. Ujumbe kama huu unatosha:

"Assalaam alaykum. Habari za hapo? Naitwa fulani, natoka Mombasa. Tunakuja kwenye tamasha, watu wawili, tunafika Jumatano tarehe fulani na kuondoka Jumatatu tarehe fulani, usiku tano. Naomba kujua kama mna chumba cha selfu (chenye choo na bafu ndani), chenye feni au kiyoyozi, bei yake kwa shilingi kwa usiku, na kama kodi na chai ya asubuhi vimo. Tukilipa moja kwa moja kwenu bila programu, mtatupunguzia kiasi gani? Ahsante sana."

Swali la mwisho lina sababu. Programu hukata kamisheni kwa mwenye nyumba, na ukija moja kwa moja fedha hiyo inabaki mezani kwenu wawili. Usiombe "nusu bei". Taja kiasi kilicho chini kidogo ya cha mtandaoni, kisha uombe nyongeza isiyomgharimu sana: kuacha mizigo siku ya mwisho, au kuingia asubuhi boti ya kwanza inapofika. Ukimpata bibi mwenye nyumba kwenye simu, mwite Bi au Mama na usimkatishe salamu.

Uliza pia kama wana bei ya mkaazi, na kama raia wa Afrika Mashariki anahesabiwa humo. Nyumba nyingine hukubali, nyingine hapana. Lakini asiyeuliza hapewi.

Malipo, na utapeli unapoingia

Kianzio cha usiku mmoja, au theluthi ya jumla, ni kitu cha kawaida. Anayetaka fedha yote miezi miwili kabla, na huku hakupi ruhusa ya kufuta, mpite. M-Pesa ya Kenya hutuma hadi M-Pesa ya Vodacom Tanzania, hivyo Mkenya hahitaji benki. Kabla ya kuweka namba ya siri soma jina la mpokeaji. Liwe la biashara, au la mtu ambaye mwenyeji amekutajia mapema kwa maandishi. Jina likitofautiana na maelezo yawe "ni simu ya shemeji yangu", simama hapo.

Utapeli wa msimu huu una sura inayojulikana. Mtu anachukua picha za nyumba halisi, anafungua ukurasa wenye jina linalofanana, anatoa bei nzuri mno mita chache kutoka Ngome, na anasema wateja wengine wako mlangoni. Kinga yake ni hatua mbili. Chukua picha uitafute kwa picha mtandaoni uone imetokea wapi. Kisha omba video fupi ya moja kwa moja: mlango wa nje, kibao cha jina, ngazi, chumba, bomba likifunguliwa. Mwenye nyumba wa kweli huifanya kwa dakika tatu. Tapeli huwa safarini Dar.

Baada ya kulipa, pata uthibitisho wa maandishi wenye tarehe za kuingia na kutoka, idadi ya watu, bei kwa chumba (si kwa mtu), kiasi kilicholipwa na kinachobaki, na sarafu. Bei nyingi mtandaoni zimeandikwa kwa dola, na pale mapokezi hugeuzwa shilingi kwa kiwango cha nyumba. Kiwango hicho kikubaliwe sasa. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, ila uhifadhi picha yake, maana simu huzima chaji siku ya kufika.

Kodi ya miundombinu hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei ya programu. Watu wawili kwa usiku tano ni mara kumi ya kiwango kimoja. Pia tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya Tanzania wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar; kiwango cha kawaida kilichotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44. Soma kwenye tovuti yao masharti ya pasi yako mapema, uiweke kwenye bajeti ile ile ya malazi.

Maswali ya chumba chenyewe

Februari ni joto la unyevu, na chumba cha bei rahisi kisicho na hewa kitakufanya ulale mchana badala ya usiku. Chumba cha juu kabisa, chini ya bati, ndicho cha joto zaidi. Cha ghorofa ya kwanza chenye dirisha mbili ndicho bora. Uliza umeme ukikatika kuna jenereta, na kama jenereta hiyo inaendesha feni za vyumbani au taa za ukumbi tu. Uliza maji: kuna simtanki (tangi la kuhifadhi maji), au yanategemea bomba la mtaa? Chandarua kiwepo, kisiwe na matundu.

Uliza mlango wa nje hufungwa saa ngapi. Gesti nyingine hufunga saa sita usiku na mlinzi hulala fofofo. Anayerudi kutoka kwenye muziki saa saba anahitaji ufunguo, au namba ya mlinzi ambayo imejaribiwa kabla.

Wachumba na wapenzi wasikie hili bila kukwazika: baadhi ya gesti za Zanzibar, hasa za wenyeji, hazipokei mwanamume na mwanamke kwenye chumba kimoja bila cheti cha ndoa, na Mwafrika Mashariki huulizwa zaidi kuliko mtalii wa mbali. Nyumba nyingine haziruhusu pombe ndani. Uliza kabla ya kutuma kianzio. Kukataliwa mlangoni usiku wa Alhamisi ya tamasha ni kubaki bila kitu, na nyumba ina haki ya kanuni zake.

Kupanga nyumba kwa kundi

Watu wanne hadi sita hupata nafuu kubwa kwa fleti ya Kikwajuni au Michenzani. Mgawanye bei kwa kichwa, na mpike angalau chai na mayai. Mambo mawili ya kujua: mgeni anayelala kwenye nyumba ya mtaa hupaswa kujulikana kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa huo, na ni kazi ya mwenyeji kupeleka majina na namba za pasi. Muulize kama amefanya hivyo. Anayekwepa swali hili huenda nyumba hana ruhusa ya kuipangisha, na atakayesumbuka ni wewe. Pili, hesabu vitanda halisi. "Inalala watu sita" mara nyingi ni vitanda viwili, godoro la chini na kochi.

Siku ya kufika

Asubuhi ya siku hiyo tuma ujumbe wenye saa ya boti au ndege yako. Boti ya kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili, na bahari ikichafuka au foleni ya uhamiaji ikiwa ndefu utachelewa. Gesti isiyosikia kitu kutoka kwako hadi magharibi inaweza kumpa mwingine chumba.

Nje ya lango la bandari utakutana na papasi, vijana wanaowapeleka wageni kwenye gesti. Wengine ni wasaidizi wazuri, lakini gesti huwalipa kamisheni na huiongeza kwenye bei yako. Waambie kwa heshima kwamba umeshalipa na mwenyeji anakuja. Usitaje jina la nyumba, kwa sababu jibu la "hiyo imefungwa" au "imejaa" huja haraka.

Kabla ya kulipa kinachobaki, ingia chumbani: washa feni, fungua bomba, vuta maji ya choo, funga kitasa kwa ndani, angalia chandarua. Kasoro isemwe hapo hapo, wakati fedha bado iko mkononi mwako. Lipa, chukua risiti.

Na ukikuta chumba hakipo? Mwonyeshe uthibitisho wako, umwombe yeye mwenyewe apige simu kwa nyumba jirani. Wenye gesti wa mtaa mmoja hujuana na husaidiana vyumba, na simu yake itafungua mlango ambao wewe ungeambiwa umejaa. Sisitiza alipe tofauti ya bei. Ikiwa nafasi ilipitia programu, waandikie huduma kwa wateja ukiwa bado mapokezi, ukiambatanisha picha ya uthibitisho. Likishindikana lote, acha mizigo mahali salama na uanze kutembea Malindi kwenda Mkunazini ukiuliza mlango kwa mlango kati ya saa nne na saa sita mchana. Ndiyo saa wageni wanaotoka hukabidhi funguo, na mwenye nyumba anajua nani amebatilisha.